Pua ya Kushoto

Jumatatu ya juma lile niliandika mistari mitatu kwenye daftari. Nimefua mashuka. Mume wangu amebadilisha betri za mzani. Nimezianika za zamani. Kalamu ilikuwa inakata wino, kwa hiyo neno la mwisho nimelipitia mara mbili, na limekuwa jeusi kuliko mengine. Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi tangu wakati ule. Sijui huwa natafuta nini.

Mimi niliishia darasa la saba, na sidai kwamba najua kuandika. Naandika vitu vya siku: nani kaumwa, kuku gani kaanza kuatamia, mvua imenyesha au imetupita. Mawazo siandiki, kwa sababu nikiyasoma kesho yake huwa siyaamini. Haya nayaandika kwa urefu kwa sababu watu wa hapa wameyasimulia kwa namna nyingi, na kwenye baadhi ya masimulizi mume wangu anaonewa, na kwenye mengine jirani yangu anaonewa.

Tunaishi kwenye machimbo, upande wa kutoka Kahama kwenda Geita. Mume wangu ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, ile ya kidogo kidogo inayoletwa imefungwa kwenye kipande cha nailoni. Mzani wake unaenea kiganjani, na unatumia betri mbili za duara, nyembamba, zinazofanana na vidonge. Nyumba yetu iko karibu na karasha, mashine ya kusagia mawe, na vumbi lake halina mlango linaoshindwa kuingia. Ukipenga asubuhi linatoka jeusi. Ukipenga jioni linatoka la kijivu. Mgeni akija, siku ya tatu anajiangalia kwenye leso anaogopa, na sisi tunamcheka. Vijana wa karasha wana utani wao kwamba mtu asipenge ovyo chini, apenge kwenye beseni, huenda ndani mna mali. Mali ndiyo dhahabu, kwa lugha yao.

Kwa hiyo kamasi jeusi kwetu si ugonjwa. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Kila jioni nilikuwa naosha pua zetu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Mume wangu anayavuta kutoka kiganjani, mimi vilevile, na mtoto namwekea kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Sikuyazua mwenyewe. Mama mmoja aliyewahi kukaa hapa ndiye aliyenifundisha, na yanasaidia kwa vumbi. Siwezi kuyasingizia maji ya chumvi kwa sababu ya yaliyotokea.

Na betri. Kwetu Ushetu baba alikuwa na redio, na betri zikichoka alikuwa anazipanga juani, kwenye paa la bani la kukaushia tumbaku, tangu asubuhi hadi jua lipungue. Zilirudi na nguvu ya taarifa ya habari na wimbo mmoja wa kwaya, halafu zikazimika. Tulikuwa tunazijaribu kwa ulimi. Ikiwasha kidogo na kuwa chachu, ipo hai. Ikinyamaza, imekufa. Tangu hapo sijawahi kutupa betri bila kuianika. Mume wangu alipozitoa zile mbili kwenye mzani aliniambia, "Hizo zitupe." Nikamwambia bado zina kitu. Hakusisitiza, alikuwa na mteja mlangoni. Nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, nikakiweka juu ya kiukuta cha jikoni, mahali ambapo jua linapiga mpaka alasiri. Kiukuta chenyewe kinanifika kiunoni. Mtoto wetu wakati ule alikuwa na miaka minne, na kilimfika kidevuni.

Jumanne nimeandika: Betri moja haipo. Kuku?

Niliandika alama ya kuuliza kwa sababu sikuwa na uhakika. Nilitazama chini, nikafagia, nikamtazama jogoo. Mtoto nilimuuliza kama ameiona, akasema hajaiona. Nilimuuliza mara moja tu, nikiwa nimeshika ufagio, na mtoto akimwona mtu na ufagio anajibu lile jibu litakalomwacha salama. Jioni hiyo alikuwa anajisugua pua kwa mgongo wa mkono. Nikamwosha kama siku zote.

Jumatano kamasi lilikuwa jeusi. Baba yake alimkuta mlangoni linamtiririka, akachuchumaa mbele yake, akamfuta kwa kidole gumba.

"Mwanangu ameanza kutoa mali," akasema. "Kesho tunampeleka kwenye mzani."

Mtoto alicheka, na mimi nilicheka. Nataka hilo liandikwe pia, kwamba nilicheka. Kisha nikamwosha mara mbili, mchana na jioni, kwa sababu nilidhani vumbi limeganda ndani. Alilia kuliko kawaida yake. Nilimbana kichwa katikati ya magoti nikamwambia akae kimya, yanapita. Kwenye daftari nimeandika: Kamasi jeusi, pua ya kushoto. Nimeosha x2. Analia sana.

Pua ya kushoto. Niliona, nikaandika kwa mkono wangu, na sikujiuliza vumbi linawezaje kuchagua upande.

Alhamisi asubuhi nilimwosha tena. Shavu lilikuwa limeumuka kidogo chini ya jicho. Jirani alikuja kuomba makaa, akasimama mlangoni, akakunja uso.

"Mayu, humu ndani kuna panya amekufa," akasema. Mayu ni mama, kwa lugha ya huku.

Mimi sisikii harufu vizuri. Sijui ilianza lini. Nadhani ni vumbi la miaka yote hii, au ni umri, ila siku hizi mboga ikiungua naiona kwa moshi, siisikii. Nikaanza kuinua magunia kumtafuta panya. Jirani hakunisaidia kutafuta. Alikuwa ameinama kwa mtoto, amemsogezea uso, halafu akarudi nyuma hatua mbili na kiganja puani.

"Si panya," akasema. "Ni huyu."

Tulipomgeuza uso kwenye mwanga damu ikaanza. Ilikuwa nyepesi mwanzoni, kisha ikaja nzito. Jirani alifanya ambavyo kila mtu hapa anafanya: alimwinua kidevu kichwa kikaenda nyuma, akaniambia nilete maji, tukamwagia utosini. Mtoto alikuwa anameza. Hatukuona kwamba anameza, tuliona tu kwamba damu imepungua mdomoni na tukafurahi. Baada ya muda alitapika yote kwenye kitenge changu, nyeusi, na mabonge. Watu husema mama akiona damu ya mwanawe anachanganyikiwa. Mimi nilikitazama kitenge nikawaza kama sabuni ipo. Sijui kwa nini niliwaza hivyo. Moyo wangu ulikuwa kama mguu uliokaliwa.

Jirani nisimlaumu. Asingesema kitu kuhusu harufu, mimi ningeosha tena jioni.

Bodaboda ilitufikisha zahanati kabla jua halijawa kali. Muuguzi aliyekuwepo ni mama mtu mzima. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku mikono yake imeshamfikia mtoto. Alimkalisha mapajani kwangu, akamwinamisha mbele, si nyuma. Alimbana pua kwa vidole viwili pale chini kwenye nyama laini, si juu kwenye mfupa, akamwambia apumue kwa mdomo na akitaka kutema ateme kwenye bakuli. Kisha akatazama saa ya ukutani. Nilidhani ataachia achungulie. Hakuachia. Akaniambia wengi wanaharibu hapo, wanachungulia kila dakika na kidonda kinafunguka upya. Dakika kumi ni dakika kumi. Ukimlaza chali au ukimwinua kichwa, akasema, damu haijakoma, umeifungulia njia ya tumboni. Nilikumbuka kitenge.

Damu ilipokoma alimulika kwa tochi. Pua ya kulia ilikuwa safi. Ya kushoto ilikuwa na gamba jeusi, na nyuma ya gamba kitu. Aliuliza kama anapenda kujitia vitu puani, maharage, shanga, punje za mahindi. Nikasema sijawahi kumwona. Aliniambia hataingiza koleo, maana mtoto akiruka kitu kinakwenda ndani zaidi na kinaweza kuingia kwenye pumzi. Kuna njia moja ya kujaribu kwanza, akasema, na anayeifanya ni mama mwenyewe. Nimwambie mtoto nampa busu kubwa. Nimfunike mdomo wake kwa mdomo wangu, nimzibe kwa kidole pua ya kulia, ile isiyo na kitu, halafu nipulize mara moja kwa haraka, upepo upite nyuma usukume kile kitu nje.

Nikampuliza. Hakikutoka. Nikampuliza tena. Yalitoka matone ya rangi ya chai yakaniangukia mdomoni, nikajilamba bila kufikiri.

Ulimi uliwasha. Ilikuwa chachu, ya chuma.

Nilikuwa Ushetu, kwenye ngazi ya bani, nina betri ya redio kwenye ulimi na baba chini ananiuliza, hai au imekufa. Nikaona kifuniko cha kopo juu ya kiukuta. Nikamwona jogoo niliyemsingizia.

Niseme ukweli, kulikuwa na muda mfupi ambao nilijua peke yangu. Ningeweza kukaa kimya, na huyu mama angeandika "kitu kigeni puani" na tukaenda. Ulikuwa muda wa kufuta mdomo tu. Lakini muda huo ulikuwepo.

"Ni betri," nikasema. "Ndogo. Ya mzani."

Muuguzi aliacha kuandika. Hakuinua sauti, aliishusha.

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Umemwekea maji yoyote? Dawa ya matone?"

"Namwosha kwa maji ya chumvi."

"Mara ngapi?"

Nikahesabu. Jumanne mara moja, Jumatano mara mbili, leo mara moja. "Nne," nikasema.

Alichukua simu, akaongea na mtu wa hospitali ya mjini, na nikamsikia akisema neno betri mara tatu kana kwamba upande wa pili hawataki kulielewa. Aliandika barua, akaikunja. Aliniambia nisimwekee kitu chochote puani, hata tone, na kwamba ninakwenda sasa hivi, si baada ya kupita nyumbani kubadilisha kitenge. Maharage yakiingia puani, akasema, mtu anaweza kusubiri asubuhi. Hii inachoma kila saa inayopita.

Nilimpigia mume wangu simu nikiwa barabarani. Nilimwambia mtoto ana kitu puani tunakwenda mjini. Kitu gani, sikusema, upepo ulikuwa mwingi. Upepo kweli ulikuwa mwingi.

Alitukuta hospitali, bado ana vumbi la karasha kwenye nyusi. Daktari alikuwa kijana, anaongea taratibu, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile la lini. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akajibu, "Jana, daktari. Jana ndiyo tumeona kamasi." Hakudanganya. Yeye aliona jana. Na daktari akaanza kuandika jana.

Daftari langu lilikuwa kwenye mfuko kwa sababu kadi ya kliniki ya mtoto huwa naiweka ndani yake. Nililitoa kwa ajili ya kadi. Nilipolifungua, kadi ilikuwa kwenye ukurasa wa juma lile. Ningeweza kuichomoa kadi nikafunga daftari. Nikasema, "Si jana. Nimeandika." Nikasoma. Nilisoma kama mtoto wa shule, neno moja moja, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nilisoma nimezianika. Nilisoma haipo na nikasoma kuku. Nilisoma kushoto, na nimeosha mara mbili. Mume wangu alikuwa anatazama sakafu. Daktari alifuta jana, akaandika kingine.

Akatueleza. Betri iliyoshindwa kuwasha mzani bado ina nguvu ya kuchoma nyama laini. Ikigusana na unyevu wa puani inatengeneza kitu kikali kama magadi makali, na kinakula ukuta unaotenganisha pua mbili. Maji ya chumvi yanaharakisha kazi hiyo. Kamasi jeusi la upande mmoja, lenye harufu, kwa mtoto, alisema, ni kitu kigeni mpaka ithibitike vinginevyo, hata mkikaa ndani ya karasha lenyewe. Sasa wanamlaza usingizi waitoe. Kitakachobaki ni kuona ukuta umeliwa kiasi gani. Ukiliwa sana, mgongo wa pua unaweza kushuka kadiri anavyokua, uso ukabadilika.

Nilimuuliza lililokuwa kooni. "Ni siku, au ni maji?"

"Unamaanisha nini, mama?"

"Kama ningemleta Jumatano lakini nisingeosha. Au kama nisingeosha lakini nikamleta leo. Kipi kimemla zaidi?"

Alinitazama. "Hilo hakuna wa kukupimia," akasema, na hakusema kwa ukali.

Walimchukua. Hatukukaa sana kwenye benchi, au tulikaa sana, hapo sina hakika na sikuandika. Mume wangu alisema kitu kimoja tu. Alisema, "Nilikwambia uzitupe." Alikisema polepole, akiangalia mlango, na ni kweli aliniambia. Hajakirudia tena mpaka leo. Watu wanaosema kwamba alinitukana hospitali hawakuwepo.

Muuguzi wa pale alitoka na bakuli la chuma, akatuonyesha betri. Ilikuwa imevimba, ukingo umeliwa, na rangi yake imekuwa ya moshi. Mume wangu aliomba aishike, akaishika kwenye kiganja kilichonyooka na kuigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, vilevile anavyoigeuza dhahabu ya mtu kabla hajaiweka kwenye mzani. Kisha akairudisha bakulini.

Ukuta ulikuwa umetoboka. Tundu la ukubwa wa punje ya mtama, daktari alisema, kingo zake zimeungua na huenda likaongezeka kidogo kabla halijatulia. Tulipewa mafuta ya kupaka ndani asubuhi na jioni, na tukaambiwa turudi.

Yalifuata majuma ya kungoja. Kila asubuhi nilimpitishia mtoto kidole kwenye mgongo wa pua, kuanzia katikati ya nyusi mpaka nchani. Kidole kilikuwa hakijui kinachotafuta. Asubuhi moja niliona kama kuna bonde, nikamwita jirani apitishe chake, akapitisha, akasema hakuna. Nikamwita baba yake. Naye akasema hakuna. Niliandika: Bonde, hakuna. Siku iliyofuata nikaandika tena hivyohivyo. Kuna kurasa nzima zina maneno hayo mawili peke yake. Nikizifungua sasa naona ni mwandiko wa mtu aliyekuwa anafanya kazi zote, anapika, anafua, anasalimia watu, mwangaluka, mwangaluka mayu, na ndani hamna anayeitikia.

Tuliporudi hospitali daktari alimulika, akapima kwa jicho, akasema tundu limetulia. Limebaki, halitajiziba, lakini mgongo umesimama. Akiwa mkubwa wataangalia kama kuna haja ya kuliziba. Nilisema asante. Nilidhani nitalia njiani, sikulia.

Mume wangu sasa ana mzani wa kuchaji kwa waya. Betri za tochi zikiisha anazichukua mwenyewe, sijui anazipeleka wapi, na mimi siulizi. Maji ya chumvi bado tunatumia, mimi na yeye. Mtoto namfuta kwa kitambaa tu, na kamasi lake nalitazama pande zote mbili kabla sijakifua.

Mchana mmoja, amelala kwenye mkeka, nilisikia mluzi. Mwembamba, unaingia na kutoka. Nilidhani ni birika, lakini jiko lilikuwa limezimwa. Nikasogea. Ulikuwa unatoka kwake. Pumzi ikipita penye tundu inapiga mluzi, na amelala, hajui. Nilikaa hapo mpaka akaamka.

Sasa anajua. Ameugeuza mchezo. Anawakusanya watoto wa jirani, anafumba mdomo, anavuta pumzi, na mluzi unatoka bila midomo kusogea, nao wanamwomba arudie. Wiki iliyopita alinijia nikiwa nachambua mchele.

"Mama, na wewe piga."

"Mimi siwezi."

"Jaribu. Ziba hii, vuta na hii."

Aliniziba pua ya kulia kwa kidole chake mwenyewe. Nikavuta kwa ya kushoto kwa nguvu zangu zote. Haukutoka mluzi. Lilikuja vumbi tu, nikapiga chafya, na yeye akacheka mpaka akakaa chini, na mluzi ukawa unakatika katikati ya kicheko.

Nilimpitishia kidole kwenye mgongo wa pua, kisha nikarudi kwenye mchele.